Pembe ya Mbuzi wa Mutisya

Mimi ndiye niliyemwambia akubali. Sitamsingizia mtu mwingine.

Ilikuwa siku ya wazazi kutembelea watoto, katika shule ya wasichana karibu na Mbumbuni, huko Makueni. Nilikuwa nimebeba chapati, kuku na ndizi, na nilikuwa na saa mbili tu kabla ya kuanza safari ya kurudi kwetu Mutomo, Kitui. Nina duka la dawa za mifugo pale. Nina stashahada ya afya ya wanyama, na ng'ombe akishindwa kuzaa hangoji mtu arudi kutoka kutembea.

Binti yangu Mbinya alikuwa kidato cha pili. Siku hiyo hakula. Alikaa kwenye nyasi akivuta uzi uliotoka kwenye sweta yake.

"Mwaitu," aliniita, jinsi sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu. "Hapa wananiita Mganga."

"Nani?"

"Kaveke na kikundi chake. Wanasema Kitui ni kwa wachawi. Eti kwetu hata paka anajua kusoma. Walipojua unauza dawa, sasa ndiyo basi."

Nilicheka. Sisi na watu wa Makueni ni Wakamba wamoja, lakini wao hupenda kusema uchawi wote ulibaki ng'ambo ya mto Athi, upande wetu. Utani huo niliusikia miaka yote nikiwa chuoni na haukuwahi kunizuia kula.

"Wanakupiga?"

"Wananimwagia maji kwa kitanda, halafu wanasema nimekojoa. Nikiingia bafuni wanatoka wote wakipiga kelele, eti nitaacha kitu kwa maji. Mimi ndiye nawafulia soksi. Mwaitu, naomba nirudi nyumbani. Nisome shule ya kutwa."

"Umemwambia mwalimu?"

"Nilimwambia Mwalimu Jonah. Alisema nisiwe mlegevu."

Mwalimu Jonah alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Kusema kweli, nami niliona ni ulegevu. Nilishamlipia muhula mzima, na shule hiyo ilikuwa ikipeleka wasichana chuo kikuu kila mwaka. Sikutaka kusikia habari ya kutwa.

"Sikiliza," nilimwambia. "Wakikuita mchawi, wewe waambie ndiyo. Waambie mamangu amenifundisha yote, na mkinisumbua mtaona. Wataogopa, watakuacha. Sasa kula kuku."

Aliuachia ule uzi. Kisha akala.

Yaliyofuata alinieleza mwenyewe baadaye, na ninayaandika kama alivyoyasema.

Jumamosi moja mchana waliwekewa sinema katika ukumbi wa kulia. Ilikuwa ya kutisha, ya ng'ambo. Msichana mmoja anachekwa na wenzake shuleni, wanamfungia bafuni kwa mchezo, anafia humo. Halafu anarudi. Anatokea kwenye vioo, kwenye maji ya ndoo, anawamaliza mmoja baada ya mwingine.

"Unajua ni nini kiliniumiza, Mwaitu?" Mbinya aliniuliza. "Walimshangilia. Kaveke alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga makofi kila mmoja wao akifa. 'Mmalize! Mmalize!' Walikuwa upande wake. Nikadhani sasa wameelewa. Nikadhani tukitoka hapa mtu ataniomba msamaha."

Walipotoka ukumbini, Kaveke alimshika mkono.

"We Mganga, siku yako ikifika utarudi na nini? Na kioo ama na mbuzi?"

Wote walicheka. Kisha wakamsukuma ndani ya choo kilicho nyuma ya bweni, wakafunga kwa nje kwa kipande cha waya, wakaenda kucheza voliboli. Walitaka kuona kama atalia kama yule wa sinema. Alikaa humo tangu saa tisa hadi wakati wa kuitwa majina saa kumi na mbili. Matroni alipomtoa alimpa adhabu ya kuchelewa.

Wiki iliyofuata walifunga shule kwa likizo fupi. Mbinya alikuja nyumbani Mutomo kwa siku nne. Nilimwona amekonda, nikamnunulia dawa ya minyoo. Hakuniambia neno. Alinisaidia dukani, na siku ya tatu alinishikia mbuzi wa jirani yetu Mutisya. Beberu huyo alikuwa na pembe kali na alikuwa amemtoboa mwenzake tumboni, kwa hiyo Mutisya aliniomba nizipunguze. Nilizikata kwa msumeno wa waya, nikazitupa kwenye ndoo.

Mbinya aliporudi shuleni, alirudi na pembe moja.

Nieleze kitu hapa. Kithitu ni kiapo cha Wakamba. Mtu huapa mbele ya kitu maalumu, mara nyingi pembe iliyojazwa vitu na kufungwa, akikipiga kwa kijiti mara saba, na mwenye makosa ndiye huumia. Nimeokoka, na baba yake Mbinya pia ameokoka, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kukigusa. Lakini hakuna Mkamba asiyekijua, awe Kitui au Makueni, awe kanisani au wapi. Na kila mmoja anajua sheria yake: aliyekiweka ndiye pekee anayeweza kukiondoa.

Mbinya alijaza ile pembe udongo wa nyuma ya choo. Alitia nywele za Kaveke alizozitoa kwenye kitana. Aliifunga mdomo kwa kitambaa na uzi wa kushonea vidonda, akaipulizia dawa ya buluu tunayowapulizia mbuzi wakiumia. Jumatatu asubuhi, bweni zima likiwa linatandika vitanda, aliiweka juu ya kitanda cha Kaveke, akaipiga kwa kijiti mara saba.

"Kila aliyenifungia chooni," alisema, "miguu yake isimbebe."

Kaveke alicheka. "Heh! Mganga ameamka na mguu mbaya leo!" Lakini hakuigusa pembe. Alimwita mtoto wa kidato cha kwanza aitoe, naye mtoto akakataa. Mwishowe matroni aliiondoa kwa ufagio.

Siku mbili Kaveke hakula wala hakulala. Jumatano, wakati wa kuimba wimbo wa taifa, alianguka. Alipojaribu kusimama, miguu haikusimama. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameanguka watano. Kufikia Alhamisi walikuwa ishirini na sita, na wengi wao hawakuwa hata karibu na choo siku ile.

Mimi nilipigiwa simu Alhamisi, nikimpimia mteja dawa ya kupe. Ni Mwalimu Jonah.

"Mama Mbinya, njoo shuleni kesho. Usiniulize kwa simu. Njoo."

Baba yake ni dereva wa lori na alikuwa Malaba, mpakani. Ijumaa niliondoka peke yangu alfajiri, nikafika saa tano.

Walikuwa wamewalaza kwenye magodoro katika ukumbi wa kulia, safu tatu. Wasichana wakubwa, wenye afya, wamenyoosha miguu kama vijiti. Baadhi walikuwa wakilia, wengine wametazama dari tu. Nimeshughulika na miguu maisha yangu yote. Nilipopita nilimfinya mmoja kwenye kifundo, akauvuta mguu. Hakuna ugonjwa pale. Daktari alikuwa amewapima jana yake na kusema ni hofu, wapewe maji na watengwe. Mchungaji alikuwa amewaombea, na wakati wa maombi wakaanguka wengine wanne.

Ofisini walikuwa Mwalimu Jonah, wazazi kama kumi, na mzee mmoja aliyevaa koti zito, Mzee Ndeti, mjuzi wa mambo ya viapo, ambaye wazazi walikuwa wamemleta kutoka vilimani. Juu ya meza palikuwa na sanduku la karatasi.

"Fungua uone," Mwalimu Jonah aliniambia. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbali nalo.

Nilifungua. Mara moja nilitambua kila kitu. Nilihisi nafuu, hebu fikiria. Nafuu! Nilidhani sasa kazi imekwisha.

"Jamani," nilisema, "hii ni pembe ya mbuzi wa Mutisya. Jirani yangu. Niliikata mimi mwenyewe kwa msumeno, alama hizi hapa. Huu uzi ni wangu, wa kushonea ng'ombe. Hii rangi ni dawa ya vidonda, inauzwa kila duka. Mtoto amechezacheza na vitu vya dukani kwangu. Hakuna kithitu hapa."

Kisha mama mmoja akauliza polepole, "Kwa hivyo ni wewe uliyeitengeneza?"

"Nimesema niliikata pembe."

"Amesema pembe ni yake," mama yule aliwaambia wengine. "Uzi ni wake. Dawa ni yake."

Nilitazama nyuso zao nikaona maneno yangu yamefika yakiwa kitu kingine kabisa. Wawili walisogeza viti nyuma.

"Na je," nikauliza, "mmeuliza kwa nini alifanya hivi? Mnajua walimfungia chooni? Mwalimu, unajua?"

Mbinya alikuwa hajaniambia jambo hilo. Nililijua kutokana na maneno ya kile kiapo, ambayo matroni alikuwa amenisomea mlangoni kutoka kwenye daftari lake. Mwalimu Jonah aliangalia saa yake.

"Mama, hayo ya nidhamu tutayashughulikia. Sasa hivi nina watoto ishirini na sita chini."

Ndipo mwanamume mmoja alipoinuka. Alikuwa na viatu vya vumbi na kofia mkononi. Alijitambulisha kuwa Muthama, baba yake Kaveke. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayo ya kumjibu.

"Mama," alisema, "mimi sijui walikosana nini. Kama mtoto wangu alimkosea wako, nitamchapa, nitamleta kwenu akupigie magoti. Lakini ni mmoja tu niliye naye. Hajala tangu Jumatatu. Nakuomba umwambie binti yako amwachilie."

Matusi yangu yote yaliniishia.

Mzee Ndeti aliongea kwa mara ya kwanza. Alisema haina haja ya kelele. Maji yaletwe kwenye kibuyu, majani yachumwe, msichana awanyunyizie kila mmoja na kusema maneno, mama yake akiwa amesimama nyuma yake. Basi.

Niliomba kuonana na mtoto wangu kwanza.

Walikuwa wamemfungia katika chumba cha majembe, eti kwa usalama wake. Mlango ulikuwa na kufuli. Alikaa juu ya gunia, amejikunja. Nilimshika uso.

"Kwa nini hukuniambia habari ya choo?"

"Nilikuambia ya kitanda," alisema.

Niliendelea mbele, kama kawaida yangu.

"Mbinya, wewe unajua ile ni pembe tu."

"Najua. Lakini Mwaitu, waliogopa. Jumatatu hakuna aliyenimwagia maji. Jumanne hakuna. Nililala usiku mbili nzima. Ulisema wataogopa wataniacha, na waliniacha." Akajikunja zaidi. "Sikutaka waanguke wengi hivi. Hata Kavindu ameanguka. Kavindu hajawahi kunifanyia kitu."

Nilimweleza wanachotaka. Nilikuwa nimeshaamua. Katika kazi yangu huja mtu ambaye ng'ombe wake hana shida yoyote, lakini mwenyewe hatalala mpaka aone sindano. Namdunga ng'ombe vitamini. Mwenyewe anaenda nyumbani ameridhika, ng'ombe hadhuriki. Niliona hii ni vitamini. Maji na majani. Watainuka, tutachukua sanduku lake la bati, jioni tuko Mutomo.

"Utanyunyiza maji," nilimwambia, "utasema 'nimeondoa', tutaenda nyumbani."

Alifikiri. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa na akili kuliko mimi.

"Mwaitu, nikisema nimekiondoa, si nitakuwa nimesema niliweka?"

"Hayo ni maneno tu, Mbinya."

"Niache niwaambie ukweli. Niwaambie ni ya uongo."

"Nimeshawaambia. Hawasikii. Wako nje wazazi kama mia, na wengine wana fimbo. Inuka, tumalize hii kitu."

Aliinuka. Hakuwahi kuwa mtoto wa kukataa ninachomwambia.

Tulipita katikati ya magodoro mchana kweupe, yeye mbele na kibuyu, mimi nyuma. Wazazi walijaa madirishani. Mikono yao ilikuwa juu, imeshika simu. Alianzia kwa Kaveke. Kaveke alikuwa amekauka midomo, na alipomwona Mbinya alifunika uso kwa shuka. Nilijua huyo ndiye aliyekuwa akimmwagia mtoto wangu maji kitandani. Nilitafuta hasira ndani yangu, nikaona mtoto tu.

"Nilichokiweka nimekiondoa," Mbinya alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu!" mtu alipiga kelele dirishani.

"Nilichokiweka nimekiondoa!"

Maji yalimwangukia Kaveke miguuni. Alikunja goti. Akakunja la pili. Akakaa. Halafu akasimama, akayumba, akatembea hatua nane hadi kwa baba yake. Ukumbi ulipiga kelele ambayo bado naisikia nikiwa jikoni. Baada ya hapo ilikuwa haraka. Wengine hawakungoja hata maji. Walimwona akija, wakainuka.

Mimi niliona hofu ikiwatoka, jinsi daktari alivyosema. Lakini nilipomtazama Mbinya nilimwona amesimama katikati ya magodoro matupu, akitazama mkono wake uliolowa.

"Mwaitu," alininong'oneza. "Wameinuka."

"Ni hofu imewatoka. Twende."

"Wameinuka wote."

Hakuna aliyetushukuru na hakuna aliyetugusa. Watu walitupa njia pana hadi lango. Muthama alivua kofia tukipita, kama mtu anavyofanya maiti ikipitishwa. Mwalimu Jonah alinikabidhi barua kabla hatujatoka. Ilisema kwamba mwanafunzi huyu, mbele ya mzazi wake na wazazi wengine, amekiri kuweka kitu cha ushirikina na akakiondoa mwenyewe. Kwa hiyo shule haiwezi kumpokea tena. Habari ya choo haikuwamo.

"Na wale waliomfungia?" nilimuuliza.

"Mama," alisema, "leo tumshukuru Mungu tu."

Video ilifika Mutomo kabla yetu.

Nilitafuta shule. Nilienda Kitui mjini, nikaenda Mwingi, nikaenda shule moja upande wa Migwani ambako mwalimu mkuu alikuwa amenikubalia kwa simu. Alitupokea vizuri, akatuletea chai. Halafu alimtazama Mbinya mara ya pili, akatoa simu yake, akaangalia kitu chini ya meza. Chai haikuisha. Shule ya kutwa ya Mutomo, ile aliyoniomba siku ya kuku, ilisema wazazi wataandamana.

Kanisani tunakaa benchi zima peke yetu. Jirani yangu Nasima, anayeuza vitambaa duka la pili kutoka langu, ndiye peke yake aliyekuja kuongea wazi. Binti yake Shufaa alikuwa akicheza na Mbinya tangu wakiwa wadogo.

"Mama Mbinya, mimi najua ni uongo mtupu," aliniambia. "Wallahi najua. Lakini Shufaa akimwona anaanza kutapika. Nimfanye nini?"

"Usimfanye kitu," nilimwambia. Ningesema nini kingine?

Kwa hiyo Mbinya hushinda dukani. Wateja huniita mimi, Mama Mbinya, hata kama yeye yuko mbele yao, wanangoja nitoke nyuma niwahudumie. Yeye hupanga chupa. Kila asubuhi huvaa sketi ya shule, ile ya kijani ya Mbumbuni. Nilimwambia aiache, akasema hana nguo nyingine nzuri. Anazo. Nilimnunulia mimi.

Wiki jana, saa nne hivi, mwanamke nisiyemjua alishuka kwenye pikipiki mbele ya duka. Alikuwa ametoka mbali, vumbi limemfunika hadi kope. Hakutaka dawa. Alimtazama Mbinya, wala si mimi.

"Ni wewe?" aliuliza.

Mbinya aliweka chupa chini.

"Nina msichana, yuko kidato cha kwanza," mwanamke alisema, akaanza kulia palepale, bila hata kufuta machozi. "Wanamchoma na pini. Wanamfanya ale sabuni. Nimeongea na walimu mpaka nimechoka. Nimekuletea majina yao."

Aliweka karatasi kwenye kaunta. Niliichukua, nikaikunjakunja, nikaitupa chini.

"Toka," nilimwambia. "Huyu ni mtoto wa shule. Hapa tunauza dawa za mifugo. Mchukue mtoto wako umrudishe nyumbani leo, unasikia? Leo. Usimwambie avumilie. Toka!"

Alitoka. Niliisikia pikipiki ikiondoka. Nilirudi kwenye mizani.

"Mbona umemfukuza?" Mbinya aliuliza nyuma yangu. "Wanamlisha sabuni."

"Kwa sababu huwezi kumfanyia kitu, Mbinya. Ilikuwa pembe ya mbuzi. Ilikuwa udongo na uzi wangu. Ulijua wewe mwenyewe, uliniambia ukiwa kwenye kile chumba."

"Nilikuwa najua," alisema. "Halafu wakainuka. Ulikuwa nyuma yangu, Mwaitu. Uliona."

Nilikuwa na stashahada, nilikuwa na maelezo yote ya daktari, na nilikuwa nimeyasema mara mia. Yeye aliinama, akaiokota ile karatasi, akainyoosha juu ya paja, akasoma majina moja moja akitikisa midomo. Kisha akaikunja vizuri mara nne, akaitia katika mfuko wa sketi, akarudi kupanga chupa.

Mteja aliingia, akamwona, akasimama mlangoni kuningoja.